Boti ya Jumapili

Mama Keji alikufa Ijumaa alasiri, katika wiki ile ambayo vituo vya mafuta vya Juba vilikuwa vimefungwa minyororo na boda boda za mtaa wa Munuki zimepumzika stendi kama mbuzi wa mchana. Alikuwa ameugua muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka kwamba amekufa. Kilichowachosha watu ni siku aliyoichagua. Jirani mmoja, birika la chai ya matanga mkononi, alinong'ona kwamba marehemu angesubiri kidogo mpaka mafuta yarudi. Hakuwa na nia mbaya. Alisema ukweli tu, na ukweli ukisemwa msibani huwa hauna adabu.

Mwanawe wa kwanza, Kenyi, hakupata nafasi ya kulia. Tangu wakiwa ukimbizini Uganda, mama yake alikuwa amemtaka ahadi moja. "Usinizike kwenye udongo wa kuazima," alikuwa akisema. "Nipeleke kisiwani, unizike kwa mkono wako mwenyewe." Kisiwa alichokitaja ni Gondokoro, katikati ya Nile, ambako alizaliwa na ambako kaka yake Jubek bado analima bamia. Kenyi aliahidi akiwa kijana, akaahidi tena akiwa na mke. Ahadi za namna hiyo ni nyepesi sana kinywani wakati mama yako bado ana nguvu za kukukemea.

Sasa ilibidi itimizwe. Oktoba mto umejaa, na mtumbwi wa kasia hauwezi kubeba sanduku la maiti kwenye mkondo ule. Boti za abiria zilikuwa zimefungwa ufukweni, matangi makavu. Ya mwisho ilivuka Jumamosi asubuhi ikiwa na mjomba Jubek na akina mama wa ukoo, waliokuwa wamekuja msibani na sasa walitangulia kuchimba kaburi. Jenereta ya chumba cha maiti nayo ilikuwa inanusa mafuta tu. Mhudumu wa pale alimwambia Kenyi bila kumtazama usoni kwamba mwisho ni Jumapili, baada ya hapo asimlaumu mtu.

Na jambo lililomuuma Kenyi kuliko yote ni hili: yeye alikuwa dereva wa boti. Boti yenye injini, yenye viti, yenye tangi lililojaa.

*

Boti haikuwa yake. Ilikuwa ya Trevor, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Mombasa na kurudi nyumbani na wazo moja kichwani, kwamba watu wa Juba wanaweza kupewa pwani bila kupanda ndege. Alikodi kipande cha ukingo wa mto, akamwaga malori ya mchanga, akapanda miavuli ya makuti na kupaita Pwani Ndogo. Wafanyakazi wa mashirika walikuja kutoka mtaa wao wa Thongpiny na taulo zao. Ukutani aliandika mambo ya kufanya: kuvua samaki, kupanda mlima, kutazama machweo kutoka majini, na kile kilichopendwa zaidi, Jumapili ya Kisiwani, ambapo Kenyi aliwapeleka wageni kwenye mchanga wa ncha ya Gondokoro na mkewe Harriet akawachomea samaki.

Kenyi alimkuta ofisini Jumamosi mchana, anajipepea kwa karatasi.

"Bosi, mama yangu amekufa," alisema. "Mimi iko nataka boti kesho. Asubuhi tu. Napeleka yeye kisiwani, narudi."

Trevor alisimama. Alimshika bega, na huzuni yake haikuwa ya kuigiza. "Aki pole sana, boss. Woi. Mama ni mama." Kisha akakaa tena. "Lakini kesho, ndugu yangu, kuna ile birthday ya Florence. Watu wanane. Walikuwa waende Diani, likizo ikakataliwa, sasa hii ndiyo Diani yao. Na mafuta si yangu. Ni wao wamenitafutia kwa stoo ya shirika lao. Nikiwaambia boti imebeba maiti asubuhi, nani atapanda mchana?"

"Jumatatu?"

"Jumatatu chukua, hata siku nzima."

"Jumatatu mama nakuwa ameharibika."

Trevor alitazama mchanga wake nje. "Kama huwezi kesho, wewe sema tu, sitakasirika. Kur yuko. Ila unajua vile ilivyo, nikimpa Kur ufunguo itakuwa ngumu kumnyang'anya."

Kenyi alijua. Kur alikuwa dereva mzuri na alikuwa na watoto wengi, naye alikaa kila siku kwenye lango la Pwani Ndogo akisubiri mtu augue.

"Mimi naweza," alisema Kenyi.

*

Wazo lilitoka kwa Harriet, na halikutoka kwa sababu hakumpenda mama mkwe wake. Alimpenda. Mama Keji ndiye aliyemtetea alipokaa miaka bila mtoto, akawafukuza mashangazi waliokuja kumshauri Kenyi aoe mwingine, tena aliwafukuza kwa mwiko. Harriet alikuwa amechoka. Alikuwa amepikia waombolezaji tangu Ijumaa, macho yamemvimba kwa moshi na kilio.

"Sanduku ni mzigo," alisema. "Kila Jumapili sisi nabeba mkaa, nabeba sufuria. Nani nauliza mzigo? Funika na turubai. Pakia yeye kwa kigati ya wavuvi kabla hatujachukua wageni. Shusha wageni kwa mchanga yao, halafu wewe peleka mama nyumbani. Kelas, basi."

Kenyi alimgeukia. "Wewe nasema tufiche mama yangu?"

"Mimi nasema tufikishe yeye."

Kulikuwa na jambo moja ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyelitamka. Jubek, kabla ya kuvuka, alikuwa amemshika mpwawe mkono na kumkumbusha mwiko wa ukoo wao: mwili ukishaingia majini kwenda nyumbani, hausimami. Boti haigusi ukingo mwingine wowote mpaka ukingo wa kwao. Baba yake Jubek alipelekwa hivyo, na babu yake pia. Ila kati ya mchanga wa wageni na kijiji kuna matete marefu, na Kenyi alijiambia kwamba jambo lisiloonekana haliwezi kumuudhi mtu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mtu aliyebanwa haulizi urefu wa njia.

*

Jumapili walipakia sanduku alfajiri, kwenye kigati cha wavuvi, kwa msaada wa mwenye pikapu aliyewaleta. Harriet alilitandikia turubai la buluu, akalifunga kamba, akapanga juu yake gunia la mkaa na sufuria nyeusi ili pasikalike. Kisha akaligusa kwa kiganja. "Malesh, mama," alisema. Samahani.

Pwani Ndogo wageni walikuwa tayari, na kofia zao pana, spika, madebe ya barafu na keki iliyoandikwa jina la Florence kwa sukari ya waridi. Florence alikuwa mwanamke mpole wa makamo, Msudani Kusini aliyesomea Nakuru, na yeye peke yake ndiye aliyemsalimu Harriet kwa mikono miwili. Kwa bahati mbaya, alikuwa pia mwenye usafi. Boti haijaenda mbali akamwona rafiki yake anakosa pa kukaa.

"Mama, hili gunia tunaweza kuliweka chini? Litatuchafua."

"Acha tu, mama," alisema Harriet. "Mimi nakaa nalo."

"Hapana, wewe umechoka, unaonekana. Ngoja." Na mabwana wawili wakaliteremsha gunia, wakateremsha na sufuria, wakapangusa turubai kwa taulo. "Ona, hata ni bench poa! Ndani kuna nini?"

"Vitu ya kijiji," alisema Harriet.

Wakakaa. Mmoja alikuwa mnene, na Harriet alisikia ubao ukilia chini yake. Aliangalia maji. Alijiambia kwamba mama Keji alishabeba mizito kuliko hiyo, alibeba watoto na magodoro akitembea hadi mpakani, lakini maneno hayo hayakumsaidia kitu. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Nyuma kwenye injini, Kenyi alikuwa ameuma mdomo na kutazama mbele moja kwa moja, kama mtu anayeendesha peke yake.

Kisha wakatafuta mahali tambarare pa kuweka keki.

Wakaiweka pale pale. Mtu alichomeka mishumaa, mwingine akaikinga upepo kwa kofia, na wote wakaimba, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, wakipiga makofi juu ya turubai. Florence alifumba macho aombe lake moyoni. Harriet naye aliomba. Aliomba kamba zisilegee.

*

Mkondo ulikuwa na nguvu. Walipoikaribia ncha ya kisiwa Kenyi aliona mapito mawili, kulia kuelekea mchanga wa wageni, kushoto kuelekea kijijini. Hapo ndipo angeweza bado kusema. Angezima muziki, awaambie, nao wangemkasirikia au wasimkasirikie. Mkono wake ulikaa kwenye usukani wa injini muda mrefu kuliko kawaida. Alimfikiria Kur langoni. Akakata kulia.

Alichosahau ni akina mama. Alikuwa ameishi sana Uganda, na amesahau kwamba wanawake wa kisiwani hawamngoji marehemu gatini wamekaa. Wanamfuata. Tangu boti ilipotokea kwa mbali walikuwa wameiona, wakaanza kutembea nayo sambamba ukingoni, kupitia mashamba ya bamia, na ilipokata kulia nao wakakata kulia. Wageni walikuwa ndiyo kwanza wanatua mchangani, Florence ameshika kisu cha keki, matete yalipofunguka na kilio kikatoka.

Walikuwa wengi, na hawakuuliza kitu. Waliingia majini na nguo zao, wakaifikia boti, wakafungua kamba ambazo Harriet alizifunga. Turubai likaanguka. Sanduku lilikuwa la mbao za kawaida, lenye msalaba wa rangi nyeupe uliochorwa kwa haraka, na pembeni, mahali turubai lilipokuwa limechanika, sukari ya waridi ilikuwa imepenya na kugandia ubaoni.

Mtu alizima spika. Yule bwana mnene alijitazama suruali, akaanza kurudi nyuma polepole mpaka akafika majini.

Jubek alikuja nyuma ya wanawake, kwa miguu ya mzee. Alilitazama sanduku, akaitazama keki, akawatazama wageni mmoja mmoja, na alipofika kwa mpwawe hakupaza sauti. Alilamba kidole gumba, akasugua ile sukari hadi ikatoka. Kisha akasema kwa Kibari, lugha ya kwao, taratibu, ili kila mmoja wa ukoo asikie:

"Dada yangu alikimbia vita mara mbili. Hakuwahi kufichwa chini ya mkaa. Leo anaenda nyumbani, na wewe umemsimamisha kwenye karamu."

"Khal, mjomba wangu, mafuta hakuna. Ningefanyaje?"

"Ungekuja kuniambia hakuna. Ningejua la kufanya. Ningekuwa na aibu ya umaskini, hiyo nimeizoea." Aliwapa wanaume ishara wabebe. Kenyi akasogea kushika pembe ya mbele, pembe ya mtoto wa kwanza, na mzee akaweka mkono katikati. "Wewe baki na wageni wako. Watataka chakula."

Wakamchukua kupitia mashambani. Harriet alivua aproni, akaiacha mchangani, akawafuata bila kumtazama mumewe.

*

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Wageni wale walisimama pamoja kama watoto waliovunja chungu. 

"Ni nani?" aliuliza Florence hatimaye.

"Mama yangu."

Florence alikaa chini mchangani na kisu chake. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. "Mimi wangu nilimzika Nakuru," alisema. "Lakini kwa nini hukutuambia? Kwa nini? Tungerudi!"

"Ndiyo maana sikuambia nyinyi," alisema Kenyi.

Aliwasha moto. Alipasua samaki, akawapaka chumvi na ndimu kama alivyomwona Harriet akifanya, akawapanga juu ya waya. Upepo ulileta nyimbo za kanisa kutoka kijijini, zikikatika na kurudi, na kwa nyimbo aliweza kufuata kila kitu: sasa wanasali, sasa wanamteremsha, sasa wanashindilia udongo. Udongo ule ulikuwa wa kwake kuutupa. Alilia waziwazi mbele ya watu wa Thongpiny, akigeuza samaki. Mmoja wao, kwa sauti ndogo ya kuona haya, aliuliza kama kuna pilipili.

Harriet alirudi jua likiwa limeegemea. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini.

"Amezikwa," alisema. "Amezikwa vizuri. Lakini msalaba hawajasimamisha. Mjomba nasema msalaba ni ya mtoto ya kwanza. Nasema wewe kuja siku ya arobaini, siku ya maombi. Kuja na kasia. Hakuna injini, hakuna mgeni." Aliokota aproni yake mchangani. "Nasema usipokuja siku hiyo, yeye nasimamisha mwenyewe, na wewe usimwite tena khal."

Kenyi aliitikia kwa kichwa. Wakapakia vyombo, wakawarudisha wageni. Hakuna aliyekaa katikati ya boti, ingawa sasa palikuwa patupu.

*

Juma lile Kenyi alisubiri kufukuzwa. Badala yake Trevor alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamfungulia soda.

"Boss, ulinidanganya, na nilitaka kukukasirikia," alisema. "Lakini ona hii." Akamwonyesha simu. Rafiki wa Florence alikuwa ameweka picha: wanawake majini, matete, sanduku begani mwa wanaume. Chini yake watu walikuwa wameandika mengi. "Hakuna hata mmoja ametaka pesa yake. Florence anasema hajawahi kuguswa hivyo. Sasa watu wananipigia, wanaulizia ile trip ya mazishi. Ile yenye utamaduni."

Kenyi aliangalia picha. Mgongo wa mwanamke wa mwisho ulikuwa wa Harriet.

"Nasikia kuna siku ya arobaini," Trevor akaendelea, na macho yake yalikuwa na wema kabisa, hilo ndilo lilikuwa gumu. "Si huwa kuna nyimbo, kuna chakula? Tunawapeleka watu kumi, wachache, wenye heshima. Mafuta juu yangu. Familia yako inavuka bure, na kitu kidogo cha mzee. Kila mtu anashinda. Ni lini?"

Ilikuwa zawadi. Kenyi aliiona ni zawadi, akaona pia jinsi Harriet asingelazimika kuhangaika, jinsi masufuria na mashangazi wangevuka wote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa amechoka kiasi kwamba neno la kukubali lilimjia lenyewe hadi kwenye ulimi.

"Sisi arobaini hatufanyi," alisema.

"Aa, kweli?"

"Watu ingine nafanya. Sisi hapana."

Trevor alikunja uso kwa masikitiko ya mfanyabiashara. "Basi haina noma. Ila ukipata msiba mwingine, niambie mapema." Kisha akachukua kalamu, akapanga safari za mwezi uliofuata. Maombi ya arobaini ukoo ulikuwa umeyasogeza hadi Jumapili ya kwanza baada ya siku yenyewe. Akaandika pale jina la Kenyi, na Kenyi akamalizia soda.

*

Jumapili ile mto ulikuwa umepungua. Kenyi alizima simu yake, akakodi mtumbwi kwa mvuvi, akapakia ndani msalaba wa chuma aliouchomelesha Munuki, debe la unga na mke wake. Mikono yake ilikuwa imezoea injini. Kabla hawajaliacha gati la wavuvi nyuma yao, vidole vilikuwa vimeanza kutoka malengelenge, na mkondo uliwapeleka pembeni zaidi kuliko mbele.

"Leta mimi nipige kasia," alisema Harriet.

"Mjomba nasema mimi."

"Mjomba hayuko hapa."

"Siku ile pia hakuwa hapa," alisema Kenyi, akaendelea kupiga kasia.

Waliisikia boti kabla ya kuiona. Ilitoka upande wa Pwani Ndogo, imejaa kofia na muziki, ikawafikia kwa haraka ile ambayo Kenyi aliijua kwa mwili wake wote. Wageni waliwapungia mkono. Mmoja aliinua simu na kupiga picha mwanamume na mwanamke ndani ya mtumbwi na msalaba umelala kati yao, picha nzuri bila shaka. Nyuma, kwenye injini, dereva alipunguza mwendo hadi boti ikawa inaelea tu, ili mawimbi yake yasiwazamishe. Hakupunga mkono. Aliinamisha kichwa, na alipokwisha kuwapita mbali ndipo akaongeza tena moto.

"Ni Kur," alisema Harriet.

"Nimeona."

"Sasa sisi nakula nini?"

 Kenyi alitumbukiza kasia, akavuta.

Walipogusa ukingo wa kijiji, maombi yalikuwa yameshaanza. Wanawake walisogea kuwapa njia. Jubek alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kaburi, na shimo dogo la msalaba lilikuwa limechimbwa tayari, udongo wake umelundikwa pembeni. Alimtazama mpwawe aliyelowa jasho, akaitazama mikono yake ambayo ngozi ilikuwa imechubuka na kuning'inia. 

"Umechelewa," alisema, akampisha.

Kenyi alisimamisha msalaba. Mtu alimpa jembe, akalikataa, akapiga magoti, akachota udongo kwa viganja. Ulikuwa umechanganyika na mchanga wa mto. Ulimuingia kwenye vidonda ukamchoma mpaka meno yakagongana, naye akachota tena, akashindilia, akachota tena, huku Harriet ameushikilia msalaba usiiname.